Kijiko Kimoja cha Maganda ya Embe

Kapinga aliponipigia simu kuniambia kwamba dada yake amefariki, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa sura ya marehemu, kilikuwa chupa. Chupa ya mayonezi, ya kioo, kifuniko chekundu, imejaa unga wa rangi ya kahawia. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nimefika umri ambao aibu hainizuii tena kusema. Kulia nililia baadaye, ndani ya basi la kutoka Likasi, mpaka mama aliyekaa pembeni yangu akanipa kipande cha kitenge chake nifute uso na kuniuliza nimefiwa na nani. Nikamjibu kwamba ni yaya yangu, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Yaya Ngalula hakuwa dada yangu wa damu. Nilifanya naye kazi mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa mwisho chuoni Lubumbashi, na baada ya hapo nilimkwepa kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa akinipigia kila sikukuu ya mwaka mpya, akiniita petite, mdogo wake, kama zamani, na mimi nikijibu haraka haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Alikuwa na chumba cha kutengenezea jusi nyuma ya nyumba yake, kule mtaa wa Katuba. Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, kuta za matofali mabichi zimepakwa chokaa, sakafu ya saruji inayonata kila ukikanyaga, na dirisha moja lenye wavu uliotoboka ambao nzi waliujua vizuri kuliko sisi. Kulikuwa na meza mbili, mapipa ya plastiki, mashine ya kusaga aliyokuwa akiisifia kama mkwe aliyesoma, na jiko la makaa la kuchemshia sukari. Kuanzia mwezi wa kumi na moja maembe yalifika kwa magunia kutoka upande wa Lukafu, na wanawake wanne walikaa kwenye viti vifupi wakimenya toka asubuhi, wakizungumza kuhusu waume, wachungaji na bei ya unga. Mume wa Yaya Ngalula alikuwa dereva wa lori, na kwa kuwa malori hulala siku nyingi kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, wale wanawake walisema bibi wa kwanza wa bwana yule ni barabara. Yaya alicheka kuliko wote. Alikuwa mtoto wa watu wa Kasai aliyezaliwa Lubumbashi, mwenye diploma yake ya masomo ya biashara imetundikwa ukutani juu ya mapipa, na alikuwa na kicheko cha mtu asiyetaka uone anachokifikiria.

Nilifika kwake kwa ajili ya taka. Chef Mwepu, ndivyo tulivyowaita wahadhiri wa chuo, mwalimu aliyesimamia tasnifu yangu ya kemia, alikuwa amesoma kwamba ganda la embe, lile tunalomtupia mbuzi, lina vitu vingi vya kuukinga mwili kuliko hata nyama ya tunda lenyewe, na kwamba ukivitoa na kuvikausha unaweza kupata dawa. Aliniambia nitafute mahali penye maganda mengi. Nyuma ya chumba cha Yaya Ngalula kulikuwa na kilima cha maganda kinachochacha kwenye mvua, na majirani walikuwa wameshakwenda kumlalamikia kwa mkuu wa mtaa. Nilipomwambia nataka yale maganda, alinitazama juu mpaka chini, akadhani natania. Nilipomweleza sababu akanawa mikono, akaniwekea bukari, ugali wa kwetu, na mboga ya lengalenga, na tulipokuwa tunakula akaniuliza maswali mengi kuliko aliyoniuliza mwalimu yeyote. Akasema nisije kama mgeni wa kubeba taka. Tufanye pamoja: maganda yake, kichwa changu, na dawa ikipatikana iwe ya wote wawili.

Nimefanya kazi katika maabara nzuri tangu wakati ule, si nyingi, lakini hakuna nilikokuwa na furaha kama pale. Tuliosha maganda mara tatu, tukayakata vipande, tukayaanika kwenye lupango, ule uwanja wake wa nyuma, juu ya mifuko mikubwa myeupe ya madini. Msomaji wa kwetu anaijua: ile yenye mishikio minne, inayobeba tani nzima ya mchanga wa shaba na kobalti, na ikishamaliza safari zake huuzwa sokoni. Ni mipana, ni migumu, haipitishi unyevu wa ardhi, na wingu likitanda unashika mishikio minne, unakunja mali yako yote, unakimbilia ndani. Nyumba nzima nzima pale Katuba zilianika mahindi na mihogo juu yake, na bado zinaanika. Kulikuwa na desturi ya kuisafisha, niliyofundishwa na Yaya mwenyewe: unausugua mfuko kwa sabuni na mchanga wa mtoni, unausuuza, unaunusa. Unarudia mpaka usinuke. Ukishaacha kunuka, ni safi. Nilikuwa nimesoma kemia miaka mitano, na mimi pia niliinama nikanusa, nikasema ni safi.

Maganda yaliyokauka tuliyapeleka kwenye mashine ya kusaga mahindi ya mtaani, ambako mwenye mashine alitukoromea kwa kuwa unga wa mteja aliyefuata ulinukia embe. Spiriti ya maabara ilikuwa haba, hivyo tulinunua lutuku, ile pombe kali ya mahindi inayopikwa mitaani, nami nikaikeneka upya chuoni, nikiichemsha na kukusanya mvuke wake, mpaka ikawa safi. Yaya, ambaye kanisani alikuwa msimamizi wa wamama, aliibeba ile bidoni ya lutuku mbele ya watu wote huku ameifunika kwa kitenge cha kanisa, na akaniambia kwamba mchungaji akiuliza, mimi mwanafunzi ndiye nitakayejibu. Tuliloweka unga ndani yake, tukachuja, tukavukiza taratibu juu ya maji ya moto. Chini ya bakuli kikabaki kitu kizito cha kahawia, kichungu, cha kukaza ulimi. Nilikitia tone la maji yenye chumvi ya chuma mbele yake, kikageuka cheusi kama wino, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili tuliyoitafuta. Kilichobaki tulikikausha, tukakiponda kuwa unga. Yaya Ngalula alikaa chini kwenye sakafu yake inayonata, akashika kichwa. Alisema miaka yote ile alikuwa anawapa majirani vizuri vyake wavitukane.

Mimba yake niliifahamu kabla hajanitajia, kwa sababu wale wamenyaji wanne walianza kumnyang'anya ndoo. Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka, na jambo hilo halikusemwa mbele yake, lilisemwa mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta nikichuja, na sauti zikashuka lakini hazikushuka vya kutosha. Kliniki walimwambia damu yake ni kidogo. Siku moja ya mwezi wa kwanza alikuja akasimama mlangoni, akiwa ameshika ile chupa ya mayonezi tuliyohifadhia unga wetu uliokamilika.

"Petite, hii kintu yenye tunatoa mu maganda, inaongezaka damu?"

"Banasema inalinda mwili, Yaya. Inasaidia."

"Njo ninywe ngapi?"

"Kijiko moja. Asubuhi."

Kipimo hicho nilikitoa kichwani mwangu. Sikuwa nimekisoma popote. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwanamke mwenye nyumba na diploma alikuwa ananiuliza kama daktari, na ilionekana vibaya kukaa kimya. Kuanzia siku ile alikunywa kila asubuhi, kijiko kimoja ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu, akikunja uso, kisha akisema mutoto huyu atazaliwa anajua kusoma. Uso wake ulinawiri. Alinenepa. Wale wanawake wanne waliomba na wao, akawakatalia, akasema wangojee kwanza imhudumie mwenye haraka.

Mwezi wa tano nilikuwa naandika sura ya mwisho ya tasnifu, na Chef Mwepu akanitaka nichome kiasi kidogo cha unga wetu nipime majivu. Ilikuwa kazi ya kawaida, ya kujaza ukurasa. Majivu yalitoka na rangi ya kijani pembeni. Niliyayeyusha kwa asidi, nikachuja, na kwa kuwa nimekulia mji wa shaba, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye chupa ya amonia. Matone machache tu. Maji yakawa bluu, ile bluu ya kina ambayo kila mwanafunzi wa Lubumbashi huonyeshwa mwaka wa kwanza ili aipende kemia. Nikafikiri vyombo ni vichafu, nikaosha, nikarudia. Bluu. Nikachoma maganda mabichi yaliyotoka moja kwa moja kwenye kisu: maji yakabaki meupe. Mwisho nikakata kipande cha ule mfuko wa madini, kipande ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekinusa, nikakiloweka usiku kucha kwenye maji yenye asidi kidogo, nikatia amonia asubuhi yake. Bluu, hata sikuhitaji kuinua mrija kwenye mwanga. Vile vitu vizuri vya ganda la embe, ambavyo tulikuwa tunavisifia, sifa yake mojawapo ni kukamata madini na kutoyaachia. Tulikuwa tumevilaza siku nne juu ya vumbi la mgodi, kisha tukavikusanya, tukavikoleza, tukavipima kwa kijiko.

Nilimpelekea Chef Mwepu mirija yote mitatu ofisini kwake. Alikuwa mtu mzuri, nataka hilo lijulikane, alininunulia chakula siku nyingi akijifanya kwamba yeye ndiye hataki kula peke yake. Alivua miwani, akaitazama ile bluu muda mrefu.

"Bon. Hii ni shaba, na shaba kidogo, kila muntu iko nayo mu mwili," alisema. "Lakini mu ile mifuko shaba haitembeyaka peke yake. Bile bintu bingine, sawa kobalti, njo minaogopa, na hatuna mashine ya kubipima."

Nikamuuliza nimwambie nini Yaya Ngalula.

"Usimutishe muntu iko na tumbo juu ya kintu yenye hauyapima. Tupime kwanza."

Yalikuwa maneno ya mwanasayansi na sina hoja ya kuyapinga hata leo. Alituma sampuli kwa rafiki yake mwenye mashine, na rafiki yake akasema wiki ijayo, na wiki ijayo akasema wiki ijayo. Lakini nisijifiche nyuma ya mwalimu wangu. Mimi nilifurahi kuambiwa ningoje. Tasnifu ilikuwa imekamilika, jopo limeshapangwa, na nilijua kwamba nikitamka neno moja pale Katuba kazi yote ya mwaka ingekuwa hadithi ya namna tulivyomlisha mama mjamzito mfuko wa madini. Kwa wiki tatu niliendelea kwenda. Nilikula bukari yake. Nilimtazama akikoroga kijiko chake, nikatazama pembeni.

Wiki ya nne nilishindwa, na nikafanya kitu kibaya zaidi ya kunyamaza. Nilimkuta anashona shuka za mtoto, nikakaa, nikamwambia aache ule unga kwanza.

"Juu ya nini?"

"Ilikaa sana, Yaya. Imepoteza nguvu. Haina tena kazi."

"Basi tutengeneze ingine."

"Maembe imekwisha. Tungojee msimu."

Alinitazama. Aliniamini, kwa sababu hakuwa na sababu ya kutoniamini. Akaifunga chupa, akaiweka juu ya kabati, nami nikatoka nje nikiona kwamba nimeokoa kila kitu, mtoto wake, tasnifu yangu na urafiki wetu, kwa uongo mdogo usiomdhuru mtu. Siku kumi na moja baadaye nilikwenda na kanga mbili mpya za kumbebea mtoto, nikawakuta wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, na hakuna aliyekuwa anamenya. Mtoto wa kiume alikuwa amezaliwa kabla ya siku zake na alikuwa ameishi mpaka mchana. Mume wake alikuwa foleni Kasumbalesa na hakuwahi kumwona. Yaya Ngalula alikuwa amelala kitandani ameelekea ukutani, akanisikia sauti, akaninyoshea mkono bila kugeuka. Alisema, "Siku yenye niliacha dawa, njo nilisikia nguvu yake inapunguka. Ningekuwaka na kijiko moja tu, petite."

Ilikuwa nafasi yangu. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili, mkono wake ulikuwa ndani ya wangu. Nilifikiri: nikimwambia sasa, nitakuwa nimemwambia kwamba alimnywesha mwanawe sumu kwa mkono wake mwenyewe, tena sijui kama ni kweli. Hilo la kutojua nimeishi nalo mpaka leo. Mimba mbili zilitoka kabla hajanijua mimi wala dawa yangu. Pengine na hii ingekwenda njia ileile. Majibu ya mashine hayakuja, mwaka ule wala mwaka uliofuata, na Chef Mwepu alikufa akiwa bado anasema wiki ijayo. Nilitetea tasnifu yangu mwezi wa saba. Ukurasa wa majivu haukuwemo. Jopo lilinipongeza kwa kugeuza taka kuwa utajiri, na Yaya Ngalula, ambaye mwezi haujapita tangu amzike mwanawe, alikuja amevaa kitenge kipya, akakaa mstari wa mbele, akapiga vigelegele. Mwezi uliofuata nikakubali kazi ya ualimu Likasi.

Nilifika matanga siku ya pili. Lupango ulikuwa uleule, turubai limefungwa kwenye nguzo za miti, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka. Chumba cha jusi kilikuwa bado kinafanya kazi mpaka wiki iliyotangulia, mlango wazi, mapipa yamepinduliwa chini juu. Kapinga, mdogo wake Yaya, ambaye nilimwacha binti wa shule na sasa ni mama mwenye mvi, alinikumbatia kwa nguvu, akanikalisha karibu naye, akaniletea bukari na bitoyo, samaki wa chumvi, akanisimamia mpaka nikamaliza. Pembeni yake alikuwa binti yake, Bea, mjamzito wa miezi sita hivi. Tulipomaliza kunawa, Kapinga akavuta mkoba wake, akatoa chupa ya mayonezi yenye kifuniko chekundu, akachota kijiko kimoja, akakikoroga ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu, akampa Bea.

Nadhani niliuliza ni nini, ingawa hakuna aliyehitaji kuniambia. Kapinga alifurahi kunieleza. Alisema kila msimu wa maembe Yaya alianika maganda, akayasaga, lutuku akaiacha maana kanisani walikuwa wamesema sana, na kila mjamzito wa ukoo na wa kanisa alipewa chupa yake na onyo moja: asiache hata siku moja kabla ya kuzaa, maana yeye aliacha. Kapinga mwenyewe alikunywa, na mtoto aliyemzaa ndiye huyu Bea. Nikauliza kama wote walipata watoto. Akahesabu kwa vidole. Akasema wengine walipata, wengine hapana, vile iko kwa bantu wote.

Nikasema. Sikupanga, na sikusema vizuri. Nilisema kama mtu anayetapika, pale juu ya mkeka, kwa sauti ya chini, wanawake wa mikeka ya jirani wakiacha kuzungumza mmoja mmoja. Nilisema habari ya mfuko, ya majivu, ya bluu, ya wiki tatu, ya uongo wangu. Nilisema kwamba sikujua na bado sijui, lakini Bea asinywe. Kapinga alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, mikono juu ya mapaja.

"Yaya alijua?" aliniuliza.

"Hapana."

"Basi ulimuacha akufwe na ile maneno mu roho. Anawaza ni yeye njo aliua mutoto wake juu ya kuacha dawa."

Hakungoja jibu. Aligeuza uso akaanza kulia, si kwa sauti ya matanga, polepole tu, na hakuna aliyemgusa. Bea bado alikuwa ameshika kikombe. Hakuonekana kuniogopa wala kunichukia. Aligeuka akatazama nyuma ya nyumba, na mimi nikafuata macho yake. Kwenye jua la mchana, mbele ya chumba cha jusi, ilikuwa imetandazwa mifuko mitano mikubwa myeupe yenye mishikio minne, na juu yake mahindi na mihogo ya kupikia watu wa matanga, na mama mmoja alikuwa amepiga magoti anageuza kwa mikono.

"Tantine," aliniambia kwa adabu, kama mtu na shangazi yake, "na bukari yenye tulikula sasa, unga yake ilikaukiaka palepale. Mi niache kintu gani?"

Kwa miaka yote niliyofundisha sijawahi kumwacha mwanafunzi bila jibu, hata jibu baya. Nilifungua kinywa. Bea alinisubiri, nadhani alinisubiri muda mrefu kuliko heshima inavyodai. Kisha akanywa, akakunja uso, akaenda kuosha kikombe.